Grili za vyumba vya kulala: moto ukizuka usiku, mtu atatokea wapi?

Mjenzi wa Bamburi aliuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninajenga nyumba ya familia huku Bamburi, ya chini na ghorofa moja, na kuta za chini zimeshafika usawa wa madirisha. Fundi ananiuliza anitengenezee grili za namna gani, na jibu analolitarajia ni lile la nyumba zote za mtaa huu, yaani nondo zilizochomelewa na kushikizwa ukutani kabla ya plasta kupigwa. Mpwa wangu anayeishi Marekani ameniambia kwamba kule kila chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea nyumba ikishika moto, na kwamba dirisha hilo lina vipimo vyake. Neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu vyumba vya wanangu viko nyuma na njia yao pekee ya kutoka inapita mbele ya mlango wa jikoni, ambako mtungi wa gesi utakaa. Ningependa kujua vipimo hivyo ni vipi hasa, na kama vinaweza kufuatwa hapa Mombasa bila kumfungulia mwizi njia.

Mchoraji wa Ramani, Tudor, alijibu:

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Mpwa wako amesema kweli. Kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, ile inayoitwa IRC kwa kifupi, inadai kwamba uwazi wa dirisha likiwa limefunguliwa kabisa usipungue mita za mraba 0.53, au 0.46 kwa dirisha lililo usawa wa ardhi. Upana usipungue sentimita 51, urefu wa kwenda juu usipungue sentimita 61, na kizingiti cha chini kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni, ili hata asiye mrefu aweze kupanda. Watu wengi husoma upana na urefu huo wakadhani dirisha la 51 kwa 61 limetosha, ilhali ukizidisha unapata mita za mraba 0.31 tu. Ukichukua upana wa chini kabisa, urefu unapaswa kufika kama sentimita 104. Sababu ya ukubwa huo ni kwamba dirisha si la mwenye chumba kutokea tu, bali pia mzimamoto aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni aweze kuingia. Uingereza wameridhika na uwazi mdogo zaidi, mita za mraba 0.33, ambao hakuna upande wake unaopungua sentimita 45, na hawalihesabu dirisha kuwa njia ya kutokea ikiwa sakafu ya chumba iko juu ya mita 4.5 kutoka ardhini. Hapo wanataka ngazi iliyokingwa moto.

Hivyo ni vipimo vya nchi nyingine, na ramani yako itapitishwa na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwa kanuni za Kenya. Hata hivyo, hakuna anayekuzuia kujenga kwa usalama zaidi ya unavyodaiwa. Zingatia kinachopimwa: ni uwazi halisi, wala si fremu. Dirisha la alumini la kusukuma kando lenye upana wa sentimita 120 na urefu wa 90 hukupa nusu yake tu, na ukiondoa unene wa fremu umeshashuka chini ya 0.53. Madirisha ya vioo vya vipande, yale yanayopendwa Majengo na Mji wa Kale kwa sababu ya upepo, siyahesabu kabisa, kwa kuwa hakuna mtu atakayechomoa kipande kimoja kimoja huku moshi umejaa chumbani.

Mwalimu Mstaafu, Likoni, aliandika:

Naomba niongeze jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatupaswi kulisahau. Mwaka 1998 bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu liliungua usiku, mlango umefungwa na madirisha yana vyuma, na zaidi ya wasichana 20 walipoteza maisha. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo nalo lilikuwa na vyuma madirishani na mlango mmoja umefungwa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Ikiwa tumekubali kwamba mtoto aliyelala bwenini hafai kuzungushiwa vyuma, sioni kwa nini mtoto huyo huyo akirudi nyumbani likizoni alale nyuma ya nondo zisizofunguka.

Mama wa Kisauni alijibu:

Mwalimu, maneno yako ni ya haki, lakini aliyewahi kuvunjiwa nyumba huku kwetu hawezi kulala bila grili. Mimi ningeweka grili yenye mlango mdogo na kufuli, kisha ufunguo nikautundika kwenye msumari karibu na dirisha. Je, hilo halitoshi?

Fundi wa Vyuma, Changamwe, alijibu:

Bi mkubwa, mlango mdogo ndio jibu. Kufuli ndilo tatizo. Ufunguo wa msumarini huazimwa kufungulia geti, mtoto huuchezea, na hata ukiwepo, mtu aliyeamshwa na moshi gizani hataliona tundu la kufuli. Kanuni hiyo hiyo ya Marekani inaruhusu grili, ila kwa sharti kwamba ifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila chombo chochote na bila nguvu ya kupita kiasi. Hilo linafanyika hapa hapa kwa vifaa vya kawaida. Ninagawa grili sehemu mbili, moja naishikiza ukutani na nyingine naitia bawaba ili ifunguke kuelekea nje, kisha naweka komeo la kuvuta upande wa ndani. Hofu ya mwizi kupitisha mkono ni ya kweli, kwa hiyo komeo nalifunika kwa bamba la chuma lililochomelewa upande wa nje, na katikati ya nondo nabana nafasi pale karibu na komeo ili mkono usipite.

Adui mkubwa Mombasa ni chumvi ya bahari. Bawaba ya chuma cha kawaida isipopakwa grisi hushika kutu ikaganda, na mchoraji rangi naye huja akapaka juu yake mpaka ikawa kitu kimoja na fremu. Mwambie fundi wako atumie pini za chuma kisichoshika kutu, na ile grili uifungue na kuifunga mara kwa mara, hata kama huna haja nayo. Wavu wa mbu nao uwe wa kutolewa kwa mkono, usipigiliwe.

Mjenzi wa Bamburi aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimemwambia fundi asitie nondo za ukutani vyumbani. Je, vyumba vya ghorofani navyo nivifanye vivyo hivyo?

Mchoraji wa Ramani, Tudor, alijibu:

Ndiyo, vifanye vivyo hivyo, na ukiweza mpangie mtoto chumba ambacho dirisha lake linatokea juu ya paa la veranda, si juu ya sakafu ya saruji. Kitanda na kabati visizibe upande wenye komeo. Kabla ya kumlipa fundi fedha za mwisho, zima taa, umwite mwanao mdogo anayetarajiwa kulala pale, umwombe afungue dirisha na grili peke yake. Akishindwa, komeo lirekebishwe fundi akiwa bado yupo.