Sufuria moja, mtoto wa miezi 7, msichana wa 16 na dani wa 74, napika nini jameni?

nyar_manyatta
Habari zenu wadau. Naomba msaada na tafadhali msiniambie ninunue vitu vya supamaketi, pesa ya kupika ni ile ile. Niko Manyatta hapa Kisumu, kwa nyumba tuko na mzee wangu, mtoto wa miezi 7, mdogo wangu wa miaka 16 anasoma sekondari ya kutwa, na mama mkwe wa miaka 74, ndiye dani (nyanya) wetu, ako na sukari, alitoka ushago juu ya kliniki. Napika jioni mara moja, ugali na omena (dagaa) ama sukuma ama osuga (mnavu), samaki ni wikendi. Mtoto nampa uji na ile supu ya omena, omena yenyewe naogopa mifupa. Dani anakula matonge matatu anasema ameshiba, anataka tu chai na mkate, na mikono imeisha kabisa. Lakini mwenye ananinyima usingizi ni huyu msichana, kila saa amechoka, akipanda ngazi anahema, na juzi nimepata odowa, yale mawe ya udongo ya kula, kwa begi yake ya shule karatasi nzima, anatafuna kama njugu. Nimemgombeza sana. Sasa inamaanisha kila mtu apikiwe chakula chake ama?

nesi_wa_kliniki
Dada pole, na acha kumgombeza. Mimi ni nesi kliniki ya mama na mtoto na odowa naiona kila wiki, kwa wajawazito na kwa wasichana wa umri huo. Mara nyingi mwili unaotamani mawe na udongo ni mwili umepungukiwa damu, na shida ni kwamba ule udongo nao unazuia madini ya chuma kuingia mwilini na unaweza kuja na mayai ya minyoo, kwa hivyo anazidi kuzama. Mpeleke apimwe damu wiki hii, usingoje shule zifungwe.

Hebu nikupe namba za viwango vya Marekani uone kitu. Mwanaume mzima anahitaji chuma miligramu 8 kwa siku. Msichana wa miaka 14 hadi 18 ni 15, kwa sababu bado anakua na kila mwezi anapoteza damu. Mtoto wako wa miezi 7 ni 11! Yaani katoto kanahitaji kuliko baba yake. Akiba aliyozaliwa nayo inaisha karibu na miezi 6 na maziwa ya mama yana chuma kidogo, ndio maana supu tupu haisaidii, chuma kimebaki kwa ile omena unaogopa. Ioshe vizuri, chemsha mpaka mifupa ilegee, ponda kabisa, changanya na viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa. Kiwe kizito, ukiinua kijiko kisimwagike. Saa hii mara 2 hadi 3 kwa siku, akifika miezi 9 iwe 3 hadi 4, na nyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi. Angalia pia kitabu chake cha kliniki kama amepewa vitamini A, huanza miezi 6.

Na chai tafadhali isikae na chakula. Ngoja lisaa limoja. Osuga akila na chungwa ama pera ama hata ukikamua ndimu juu, chuma kinaingia vizuri zaidi.

mjukuu_wa_kukhu
Mimi niko Kakamega na nitaongea ya dani peke yake kwa sababu nimekaa na kukhu wangu, yaani nyanya, miaka sita. Watu hufikiri mzee anahitaji kidogo juu hafanyi kazi, ni kweli nguvu za kuchoma zinapungua lakini protini inapanda! Mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, mzee wanashauri 1 hadi 1.2, la sivyo misuli inaliwa na mwili wenyewe na ndio hiyo mikono unaona. (Kama figo ziko na shida daktari ndio aseme.) Kama dani ni kilo 50 hiyo ni gramu 50 na zaidi, yai moja ni kama 6, kikombe cha maziwa kama 8, sasa chai na mkate itamfikisha wapi. Usimngojee jioni. Mpe kidogo kidogo mara tano, saa nne mala (maziwa ya mgando), mchana maharagwe laini na murere (mboga ya mlenda) kwa sababu inateleza, meno yakiwa shida hiyo ni baraka. Kukhu alikuwa anakataa maji, wazee kiu yao inafifia, nilikuwa namwekea kikombe mkononi. Na kama anameza dawa za kushusha sukari halafu hali, sukari inaweza kuanguka vibaya, hilo uliza kliniki mapema.

baba_wa_nakuru
Hapa Nakuru watu wengi huchanganya unga wa uji wa mtoto, wimbi, soya, njugu, omena, mpaka aina saba, wanasema ndio nguvu. Ni sawa kwa huyo wa miezi 7?

nesi_wa_kliniki
Kaka mimi siupendi. Mtoto akitokwa na upele utajuaje ni gani kati ya hizo saba? Anzisha kitu kimoja, kaa siku chache, ongeza kingine. Na njugu zikikaa vibaya zinashika kuvu lenye sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukipika. Wimbi peke yake ni nzuri, iko na kalsiamu nyingi, hata huyo msichana apewe, umri wake mifupa inataka miligramu 1300.

baba_wa_nakuru
Asante sista. Nimesoma hizo namba za chuma nikanyamaza kidogo. Kwetu nyama yote ilikuwa inakuja kwa sahani yangu na wasichana wanapata supu, na mimi ndio ninahitaji 8. Leo nimemwambia mke wangu tuanze kupakulia watoto.

nyar_manyatta
Wadau nimerudi, ni wiki mbili. Tulienda, damu ya msichana ilikuwa 9.4, yaani imepungua, amepewa tembe za chuma na dawa ya minyoo. Choo kilipogeuka cheusi alilia akidhani anakufa, kumbe ni tembe. Odowa amenipa mwenyewe nitupe, imebaki kipande kimoja amekataa kuachilia, sijamgombeza. Mtoto anakula omena ya kupondwa mpaka anafungua mdomo kabla kijiko kifike. Dani mala anakunywa, mayai amekataa katakata anasema yananuka. Mjukuu wa kukhu, wewe ulikuwa unayapika aje?

mjukuu_wa_kukhu
Koroga ndani ya murere ikiwa bado motoni, na kitunguu. Hatajua.