Kipimo cha h kinahesabiwaje?

Tabibu, Mtwara: Ndugu wanajamvi, nina makala kadhaa kuhusu matende na mabusha, na mfadhili anataka kipimo changu cha h, ile namba inayoonyesha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wengine. Kinahesabiwaje?

Mkutubi, Lindi: Zipange makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, ikiwa ya 5 imenukuliwa mara 6 na ya 6 mara 4 tu, basi h yako ni 5, yaani una makala 5 zilizonukuliwa angalau mara 5 kila moja. Kipimo hiki kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005.

Daktari, Masasi: Taja pia chanzo cha hesabu hiyo, kwa kuwa Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, huhesabu hata tasnifu, hivyo mara nyingi huonyesha h kubwa kuliko Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma.

Tabibu: Shukrani, daktari. Jina langu limeandikwa kwa namna mbili katika makala hizo, nifanyeje?

Mkutubi: Jisajili ORCID upate namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti, ni bure, kisha uziunganishe makala zote.