Nyigu wadogo wa manjano kwenye mbegu za muthigiu: ni spishi gani, na nitathibitishaje mmea wao?

KitaluLangata

Habari wadau. Nina mbegu za muthigiu (kichaka cha porini cha jamii ya mwembe) za kuotesha miche ya ua, zimetoka vichaka vya Lang'ata, Nairobi. Zilioshwa, zikakaushwa kivulini, zikawekwa kwenye chupa ya jemu. Siku ya 12 wametokea nyigu wa manjano wa urefu wa milimita 3 hivi. Majike wana mkia mwembamba mrefu uliopinda kwenda juu. Kila mbegu iliyoharibika ina tundu moja la mviringo. Nyigu wanaofanana nao wametoka pia kwenye vitunda vya rangi ya waridi vya mpilipili wa kivuli, ule wenye majani yanayoning'inia, ulio jirani na vichaka hivyo. Je, hawa ndio wala mbegu au ni vimelea vya mdudu mwingine? Ni spishi moja kwenye mimea yote miwili? Na mbegu nzima zilizobaki chupani ziko hatarini?

MdauWaHadubini

Anza na bawa la mbele. Lenzi ya mkono ya 20x inatosha. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa kuna mshipa mfupi unaochepuka kuingia ndani. Ikiwa ncha yake imevimba ikawa kifundo cheusi kama kichwa cha pini, una Megastigmus, jenasi ya nyigu ambao wengi wao hula mbegu. Vitabu vya kabla ya 2018 vinawaweka kwenye familia ya Torymidae. Sasa wana familia yao, Megastigmidae. Ule mkia ni mrija wa kutagia mayai: jike huuchomeka kwenye tunda likiwa bichi, na kidonda hupona, ndiyo maana huoni alama yoyote hadi siku ya kutoka.

Kwa mimea hiyo miwili kukaa pamoja, jina la kwanza la kuangalia ni Megastigmus transvaalensis, aliyeelezwa na Hussey mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini. Mimea yake ya asili ni jamaa za muthigiu za Afrika. Mpilipili wa kivuli (Schinus molle) ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini nyigu huyu ameuzoea pamoja na ndugu yake Schinus terebinthifolia, na amefuata miti hiyo hadi California, Florida na Hawaii.

Hata hivyo, tafadhali usiandike jina hilo kwenye lebo kwa sababu tu mmea unalingana. Mwaka 2016 Alain Roques na Robert Copeland walieleza spishi mpya 8 za Megastigmus kutoka Kenya, na kadhaa ni za mimea ya jamii ya mwembe na mkorosho, jamii ileile ya muthigiu. Ufunguo wao (maswali ya hatua kwa hatua ya kutambua spishi) ni wa majike, kwa hiyo chupa yenye madume matupu haitakufikisha popote. Piga picha za majike mapema, kwa sababu manjano hufifia kwenye spiriti. Weka wengine kwenye ethanoli ya 70% kwa ajili ya umbo, na wachache kwenye 95% kwa ajili ya DNA.

Kuhusu nani anakula nini, chupa yako haiwezi kujibu. Mbegu 200 zikikaa pamoja, kila kinachotoka kinaonekana kama mla mbegu. Weka mbegu moja moja kwenye vichupa vidogo na uzibe kwa pamba, si kwa kifuniko, maana mvuke ukinaswa ndani ukungu huua pupa kabla hujaona chochote. Kisha loweka mbegu nyingine usiku kucha, uzipasue kwa wembe. Mla mbegu huacha ganda tupu lenye buu mmoja tu, mweupe, asiye na miguu, amejikunja. Kama kuna kimelea, pembeni ya pupa wake utaona ngozi iliyosinyaa ya buu aliyeliwa, mara nyingi na taya zake mbili za kahawia bado zipo.

Vimelea vyenyewe vina sura yao. Eurytoma ni mweusi asiyeng'aa, mgongo umejaa vishimo kama subana ya fundi. Nyigu wa familia ya Eupelmidae huruka ghafla kama kiroboto ukimgusa.

Hebaria_Mlimani

Mmea nao uthibitishwe. Watu wengi Nairobi huita muthigiu zaidi ya kichaka kimoja. Searsia natalensis (vitabu vya zamani vinasema Rhus) ina jani la vipande vitatu, cha katikati kikubwa kuliko vya pembeni, na halina manyoya. Searsia vulgaris inafanana nayo, ila pitisha kidole kwenye tawi changa na chini ya jani: utahisi manyoya laini kama mahameli. Ukichanganya mbegu za viwili hivi, orodha yako ya mimea haina maana, hata nyigu wakitambuliwa vizuri namna gani.

Vichaka hivi vina dume na jike mbalimbali, kwa hiyo kata tawi kwenye kichaka kilekile kilichotoa matunda, lenye majani na matunda, na ufunge kitambulisho kwenye shina. Likandamize katikati ya magazeti na maboksi, ubadilishe magazeti kila siku kwa siku tatu za kwanza, la sivyo majani yatageuka meusi. Namba ya sampuli ya mmea iandikwe pia ndani ya kichupa cha nyigu, kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Andika tarehe ya kuchuma na tarehe ya nyigu kutoka, zote mbili. Hebaria ya Afrika Mashariki (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, Nairobi. Ukitaka kuchuma ndani ya msitu wa Karura au mbuga, omba kibali kwanza.

MbeguSafi

Mbegu nzima za chupani hazitaambukizwa. Nyigu hawa hutaga kwenye tunda bichi lililo mtini, si kwenye mbegu kavu. Ila baadhi zinazoonekana nzima huenda tayari zina buu. Zitie kwenye maji: nyingi zenye buu zitaelea, lakini zisizo na kiini nazo huelea, kwa hiyo pasua kama 30 kati ya zilizoelea kabla ya kusema kiwango cha uharibifu. Panda zilizozama. Zenye buu usizipeleke kaunti nyingine.

KitaluLangata

Asanteni sana. Kifundo cheusi kipo kwenye bawa. Kichaka hakina manyoya kabisa. Nimepasua 30 zilizoelea: 17 hazina kitu, 11 zina buu mmoja mweupe, na 2 zina pupa mweusi aliyeegemea kitu kama ngozi iliyosinyaa.

MdauWaHadubini

Hizo 11 ndizo ushahidi wako kwamba kuna mdudu anayekula mbegu. Zile 2 zina kimelea. Usizihesabu pamoja nazo. Waache hao pupa wakomae, kila mmoja kwenye kichupa chake, na usilitupe lile ganda lenye ngozi, libaki humo humo pamoja na nyigu atakayetoka. Halafu fanya kazi yote hii upya kwa vitunda vya mpilipili, kwa namba nyingine ya sampuli. Mpaka majike wa pande zote mbili wapitishwe kwenye ufunguo, andika Megastigmus sp. tu, yaani spishi yake bado haijajulikana.