Mama yuko kwenye digoksini, hataki kula na anaona taa zina unjano, nimpe dozi ya leo?

BintiMkubwa:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada na ni wa haraka kidogo. Mama yangu ana miaka 74, moyo ulitanuka na mapigo yake yanarukaruka, daktari wake alimwandikia digoksini ya 0.25 kidonge kimoja kila asubuhi pamoja na Lasix ya kupunguza maji. Katumia muda mrefu tu na alikuwa anaendelea vizuri, miguu ilishapungua kuvimba na ngazi anapanda mwenyewe. Sasa tangu wiki iliyopita chakula hataki kabisa, hata harufu inamchefua, halafu ananiuliza taa ya sebuleni mmeibadilisha lini mbona ina unjano na ina kama duara pembeni. Taa ni ile ile jamani. Kitu kingine, kifua kilimbana akapelekwa kwa daktari mwingine tofauti na wa moyo, akapewa antibaotiki inaitwa klarithromaisini, bado anamalizia.

Jana alitapika kabla ya kumeza dawa kwahiyo kidonge cha jana hakikuliwa. Kaka anasema leo tumpe viwili kufidia, mdogo wangu anasema tusimpe chochote. La kunifariji ni kwamba mapigo yametulia, huwa namshika mkononi nahesabu, zamani yalikuwa yanaruka hovyo hovyo sasa hivi yamenyooka kabisa tik tik tik, leo nimepata 46. Nimpe kimoja, viwili au?

nesi_wa_zamu:
Dada usimpe hata kimoja, na usisubiri kesho, mpeleke sasa hivi hospitali yenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Hilo unaloona la kufariji ndilo lililonishtua kuliko yote. Mtu ambaye mapigo yake siku zote yanarukaruka na yuko kwenye digoksini, yakinyooka ghafla halafu yakawa ya polepole hivyo, usifikirie kwanza kwamba amepona. Inaweza kuwa dawa imezidi mpaka umeme wa moyo unaotoka vyumba vya juu haushuki tena, huku chini moyo unajipigia wenyewe taratibu na kwa mpangilio. Inaweza pia isiwe hivyo, lakini hilo linaamuliwa na ECG, vidole vyetu haviwezi. Ukiongeza na kutapika, kukosa hamu ya kula na huo unjano, hapo hakuna cha kujadili nyumbani.

Ukifika pale mapokezi usiseme tu "mama anatapika" maana utawekwa foleni ya tumbo. Sema anatumia digoksini na Lasix, yuko kwenye klarithromaisini, anaona unjano, mapigo 46. Beba maboksi yote ya dawa hata ya vitamini. Watampima potasiamu, figo na kiwango cha digoksini kwenye damu, na watakuuliza amemeza mara ya mwisho saa ngapi, uwe na jibu, kwa sababu damu ikichukuliwa kabla ya masaa 6 tangu ameze namba inatoka kubwa kuliko hali halisi. Akiona kizunguzungu kikali au akizimia njiani ni dharura, usimsubirishe popote.

BintiMkubwa:
Mungu wangu. Tunatoka sasa hivi.

tiba_asili_tu:
Hizi dawa za hospitali ndio zinazowamaliza wazee wetu, mimi ningemwachisha zote nimpe majani, vitu vya asili havina sumu.

famasia_mchana:
Mkuu hapo juu, digoksini yenyewe imetoka kwenye majani, ni mmea wenye maua kama kengele. Daktari William Withering wa Uingereza aliandika kitabu juu ya ndugu wa karibu wa huo mmea mwaka 1785, na humo humo alishaeleza kwamba ukizidisha mgonjwa anatapika, anaona vitu kijani au manjano na mapigo yanashuka. Yaani dalili za mama wa mleta mada zina zaidi ya miaka 200 kwenye maandishi. Kuwa jani hakujawahi kuizuia kuua. Na majani mengine mtu akiyachanganya na digoksini ndio balaa, yapo yanayopandisha kiwango chake, yapo yanayoshusha, yapo yanayomaliza potasiamu.

Sasa turudi kwenye mada. Digoksini ni dawa ambayo kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru pana nafasi ndogo sana. Kwa mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi wengi wanalenga kiwango cha nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa kila mililita ya damu, sasa ona udogo huo. Kwa mama huyu naona vitu vitatu vimekutana. Klarithromaisini inazuia mwili kuitoa digoksini, kwahiyo kidonge kile kile cha siku zote kinakuwa kama kimeongezwa. Lasix inatoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikipungua moyo unaathirika na digoksini hata kama kiwango kwenye damu si kikubwa. Halafu umri, digoksini inatoka kwa figo, na mtu mwenye miaka 74 ambaye hali wala hanywi vizuri na anatapika, figo zake zinaweza kuwa zimelegea. Hapo 0.25 kila siku inaweza kuwa nyingi hata bila antibaotiki, ila hiyo namwachia daktari wake.

Kuhusu kufidia, hapana, hata kwa mtu mzima wa afya asiye na dalili yoyote. Kwa mwenye figo nzima inachukua kama masaa 36 hadi 48 dawa kupungua nusu mwilini, figo zikichoka ni siku kadhaa. Kwahiyo ukikosa kidonge kimoja bado ya jana na juzi ipo inafanya kazi. Mgonjwa asiye na dalili akikumbuka ndani ya masaa 12 anameza, yakipita anaacha anasubiri dozi inayofuata, mbili kwa pamoja kamwe.

moyo_mkubwa61:
Mi natumia hii dawa miaka sasa kwa ajili ya mapigo kurukaruka. Daktari wangu alinipa mstari, mapigo yakiwa chini ya 60 simezi mpaka nimpigie, na mpaka leo ndio sheria ya nyumba hii, ila kila mtu amuulize wake maana wengine wanapewa namba tofauti. Nahesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani kabla ya kumeza, ile ya kuhesabu sekunde 15 mara nne kwa sisi wa mapigo ya kurukaruka inadanganya, na mashine ya presha nayo inakosea kosea. Dawa za kiungulia na zile za nyuzinyuzi za choo nazitenga na digoksini kwa masaa, nikizimeza pamoja hainyonywi vizuri. Na kwenye waleti nina karatasi yenye dawa zangu zote, daktari wa meno, wa macho, yeyote yule, akishika kalamu kuniandikia kitu anaisoma kwanza. Wengine wananuna lakini wanasoma.

BintiMkubwa:
Jamani asanteni sana. Wamemlaza. ECG imeonyesha alichosema nesi, potasiamu iko chini na figo zimepungua nguvu kidogo, kiwango cha digoksini wamesema kiko juu sana. Wamesimamisha digoksini na ile antibaotiki wakabadilisha, potasiamu anaongezewa kwa dripu, na ile mashine ya moyo haitoki kifuani. Daktari kasema ipo dawa maalum ya kuinasa digoksini kwenye damu wakiona moyo unazidi kulegea, mpaka sasa haijahitajika. Leo kaomba uji mwenyewe! Swali, akirudi nyumbani kuna haja gani ya kurudia dawa hii tena, si bora iachwe?

famasia_mchana:
Afadhali dada, ashukuriwe Mungu. Kuirudia au kuiacha muulizeni daktari wake wa moyo, na ni swali halali kabisa. Utafiti mkubwa uliotoka 1997 wenye wagonjwa 6,800 wa moyo kushindwa kazi ulionyesha digoksini haikupunguza vifo ila ilipunguza kulazwa, na wale hawakuwa na mapigo ya kurukaruka kama mama. Kwa hiyo wapo wanaoihitaji na wapo ambao dawa nyingine zinatosha. Akirudishiwa kwa dozi ndogo, ulizeni tarehe ya kurudia vipimo vya figo na potasiamu kabla hamjatoka wodini.

nesi_wa_zamu:
Na wakimpa ya 62.5, someni boksi vizuri, hiyo ni maikrogramu. Ile yake ya 0.25 ni miligramu, sawa na maikrogramu 250, yaani mara nne ya hiyo. Kwa macho 0.25 inaonekana ndogo kuliko 62.5 na ndipo watu wanapochanganya. Lile boksi la zamani lisibaki kwenye droo, lirudisheni famasi kabla mama hajafika nyumbani, hasa huyo kaka wa kufidia asilikute 😅

BintiMkubwa:
Hahaha kaka kasoma hapa kanuna. Boksi nimeshalitoa.