Bastola za .22: kulegeza springi au kuongeza kasi ya risasi?

Mlenga_Ruaka:
Wakuu, habari za jioni. Nina bastola ya michezo ya .22 (kipenyo cha risasi, takribani inchi 0.22), ile aina ambayo slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, husukumwa nyuma na ganda lenyewe, bila kufuli yoyote kwenye mtutu. Nikitumia risasi za kasi ya kawaida, mara ganda linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima, mara slaidi inarudi mbele bila kuchukua risasi inayofuata. Nikiweka za kasi ya juu inapiga bila kukwama, ila matundu yanatawanyika kwenye karatasi, nami najiandaa kushindana mita 25. Naona njia mbili: springi laini zaidi ya kurudisha slaidi, au nizoee risasi kali. Kuna rafiki ananishauri nikate springi iliyopo. Mngechagua ipi?

Mzee_wa_Springi:
Kijana, usikate. Ukiondoa mizunguko miwili, springi inakuwa fupi na nguvu yake ya kuanzia inashuka, lakini ile iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa kila milimita inayobanwa. Kwa hiyo slaidi itaanza safari kirahisi na kuimaliza kwa shida, na ikirudi itakosa nguvu ya kufunga chemba (tundu risasi inapokaa) sawasawa pale mwishoni. Nunua springi iliyotengenezwa laini tangu mwanzo, na uibadilishe kwa fundi aliyesajiliwa.

Hesabu_Kwanza:
Niongeze kwa Mzee, kwa sababu watu wengi hudhani springi ndiyo inayoshikilia ganda wakati wa mlipuko. Sivyo. Risasi ya .22 LR (Long Rifle, ile .22 ya kawaida) inaruhusiwa shinikizo la hadi psi 24,000, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Zidisha kwa eneo la tundu la mtutu, unapata msukumo wa kilo 400 na ushee kwenye kitako cha ganda. Springi yako ikiwa imetulia inasukuma kilo mbili au tatu tu. Kinachochelewesha ganda lisitoke mapema ni uzito wa slaidi. Kazi ya springi inakuja baadaye: kuipunguza mwendo slaidi ikienda nyuma, kisha kuirudisha mbele na risasi mpya.

Sasa tuje kwa tatizo lako. Chukua kichwa cha risasi cha gramu 2.6. Kwa takwimu za kiwanda, zinazopimwa kwenye mtutu mrefu wa bunduki, cha kasi ya kawaida kinatoka kwa takribani mita 326 kwa sekunde. Kwa kasi ya juu, kama CCI Mini-Mag, takribani 376. Tofauti ni asilimia 15 hivi. Lakini springi inakula nishati, na nishati hupanda kwa mraba wa kasi. Slaidi ya gramu 250 itaondoka na takribani juli 1.4 kwa risasi ya kwanza na 1.9 kwa ya pili. Hiyo ni theluthi nzima zaidi! Na kutoka kwenye hizo juli unalipa pia kukoki nyundo, msuguano, na kuburuza juu ya risasi iliyo kileleni mwa magazini. Ndiyo maana springi ileile inaonekana ngumu kwa risasi moja na sawa kabisa kwa nyingine.

JumaSouthC:
Mimi niko upande wa pili. Natumia za kasi ya juu pekee, kwa mabati ya kulenga, wala sishindani. Niliweka springi ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, na slaidi haigongi tena nyuma kwa kishindo. Kwa matumizi yangu sibadilishi.

Dada_Shabaha:
Kaka Juma, kwa mabati uko sawa kabisa. Kwa Mlenga, hapana. Katika mita 25 za wanawake, sehemu ya kasi, shabaha inafunguka sekunde tatu kisha inafichwa saba. Hapo unataka bastola itulie haraka mkononi, na risasi ya kasi ya kawaida ina mruko mdogo. Isitoshe, inabaki chini ya kasi ya sauti, na ndiyo wanayotumia wengi wa wapigaji wa mashindano. Bastola nyingi za kawaida huuzwa na springi ya kuvumilia risasi kali. Walther P22, kwa mfano, inajulikana kwa kuzipenda. Bastola ya shabaha kama Hämmerli 208 ilibuniwa kwa risasi tulivu tangu mwanzo.

Ushauri wangu: chagua risasi kwanza, ile inayokupa kundi dogo kwenye karatasi, halafu tafuta springi ya kuilingana. Ile ya kiwandani iweke alama na uihifadhi kwa siku za risasi kali. Usichanganye.

Mzee_wa_Springi:
Dada amesema vyema. Lakini kabla ya kununua chochote, safisha. Risasi za .22 zina nta na masizi mengi, na uchafu ukijaa chemba au chini ya kulabu la kuvuta ganda, utalaumu springi bure. Na baridi ya Julai asubuhi, grisi nzito inakuwa kama uji uliolala. Paka mafuta mepesi, kidogo tu. Kaza mkono pia: bastola ikiruka pamoja na kifundo cha mkono, slaidi inapoteza safari yake.

Mlenga_Ruaka:
Asanteni sana. Nitasafisha, nijaribu risasi za kawaida tena, kisha springi. Nitajuaje kwamba nimelegeza kupita kiasi?

Hesabu_Kwanza:
Weka risasi moja kwenye magazini, piga, na uone kama slaidi inabaki wazi nyuma. Ikibaki, jaza magazini na upige kwa mkono mmoja, kwa sababu risasi ya kwanza ya magazini iliyojaa ndiyo yenye msuguano mkubwa. Ikipita hapo, acha, usiendelee kulegeza. Ganda likirushwa mbali ghafla kuliko zamani, ukiona alama mpya za kugongana nyuma ya fremu, au slaidi ikisimama hata milimita moja kabla ya kufunga, springi ni laini mno. Hiyo ya mwisho usiichezee: ondoa magazini, toa risasi chembani, na usifyatue tena mpaka springi yenye nguvu zaidi iwekwe.

Dada_Shabaha:
Na fanya jaribio hilo kwa boksi lilelile la risasi utakazoshindania.