Nimebadilisha T-CON (bodi inayoongoza kioo cha TV), upande wa kulia wa kioo umefifia na maandishi yana kivuli. Naombeni ushauri

FundiNyakato
Wakuu habari za jioni. Nina TV ya mteja, inchi 32, kioo cha 1366 kwa 768. Ililetwa haina picha, nikakuta T-CON imeungua. Yenye namba ile ile sikuipata, nikauziwa ya kioo cha jamii hiyo hiyo, ila herufi mbili za mwisho zinatofautiana. Flati (nyaya bapa za kioo) zimeingia bila shida na picha imetoka.

Sasa nikiweka kijivu kitupu, kushoto kuko sawa, lakini kadiri jicho linavyoenda kulia picha inafifia na kupepesa. Maandishi ya upande huo yana kivuli. Nimepima VGH (volti ya kufungua geti, yaani swichi za pikseli) volti 27, VGL (ya kulifunga) hasi 6, AVDD (ya kulisha upande wa data) 15 na ushee, zote zimetulia. Mama mwenye TV ameshapiga simu mara tatu, nami sitaki kumrudishia kazi ambayo mwenyewe nisingekubali iwe sebuleni kwangu. Nianzie wapi?

MkonoMwepesi
Pole mkuu. Hizo ni taa za nyuma, badilisha ukanda wa kulia.

FundiNyakato
Asante kaka, ila nimeshatoa kioo na kuwasha taa peke yake. Mwanga ni sare kote. Na mteja anasema kabla haijazima picha ilikuwa safi.

BintiWaRisasi
Taa ziache. Taa haziwezi kutia kivuli kwenye maandishi. Umegusa VCOM, ile volti ya pamoja ya pikseli zote? Weka ile picha ya vidoti vya kijivu, punguza na kuongeza taratibu, utuambie kupepesa kunaisha wapi.

FundiNyakato
Nimefanya dada. Nikituliza kulia, kushoto kunaanza kupepesa. Nikituliza kushoto, kulia kunarudi.

MzeeWaMawimbi
Jibu hilo limenifungua macho. Nijibu mawili: chipu za geti ziko upande gani? Na kivuli kiko juu ya herufi au chini yake?

FundiNyakato
Chipu ziko kushoto tu, mzee. Kivuli kiko juu, kama mstari mmoja hivi.

MzeeWaMawimbi
Basi volti zako ni nzima, kinachokosewa ni muda.

Kioo huandikwa mstari kwa mstari. Kwa mizunguko 60 kwa sekunde na mistari 806 kwa jumla, ukihesabu ile isiyoonekana, kila mstari unapata maikrosekunde 20.7 hivi. Ndani ya muda huo geti lifunguke, pikseli ijae, geti lifungwe, ndipo data ya mstari unaofuata iingie. Amri ya kufunga inatoka kushoto ikiwa imesimama wima. Ikifika kulia imelegea, maana waya wa geti ni mwembamba na mrefu, na kila pikseli njiani inashika chaji kidogo. Kwa hiyo kulia geti linachelewa kufungwa. Data ya mstari wa chini ikiwahi, inaingia kwenye pikseli ambayo bado iko wazi. Ndiyo maana kivuli chako kiko juu: mstari wa juu umeonja data ya mwenzake wa chini. Kufifia ni hilo hilo. Data inageuza chanya na hasi kati ya mstari na mstari, ikichanganyika pikseli inabaki na chaji pungufu.

Kinachozuia hayo ni ishara ya OE. Inafunga geti mapema kidogo kabla ya ishara ya TP kuachia data mpya. Ikifunga kwa kuchelewa, unapata ugonjwa wako. Ikifunga mapema mno, pikseli hazijai na kioo kizima kinafifia. Kwenye 4K ya mizunguko 120, mstari mmoja una maikrosekunde 3.7 tu, huko hakuna nafasi ya kukosea.

Kupepesa nako kuna chanzo chake. Geti likifungwa kwa kishindo linaivuta volti ya pikseli chini. Kushoto kishindo ni kikali, kulia ni laini, kwa hiyo VCOM moja haiwezi kutosheleza pande zote. T-CON iliyopangwa vizuri huishusha VGH kwa mteremko kabla ya kufunga, ili pande zote mbili zivutwe kwa kiasi kinachokaribiana.

Mipangilio ya OE mara nyingi imo kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ya miguu minane. Kama chipu kuu za T-CON zote mbili zina namba moja, bandua kumbukumbu ya bodi iliyoungua, isome, uilinganishe na ya bodi mpya. Hifadhi nakala ya mpya kabla ya kuandika chochote. Programa (vifaa vya kusoma na kuandika chipu) za bei nafuu za CH341A uziangalie: nyingine zinatoa volti 5 kwenye laini za data hata chipu ikiwa ya 3.3.

MkonoMwepesi
Mzee, si angepandisha VGH tu geti lifunguke vizuri?

MzeeWaMawimbi
Hapana. Shida yake ni kufunga, na VGH ikipanda kile kishindo kinazidi. Tafadhali msipandishe VGH kwa kubahatisha, vioo vinakufa hivyo.

SautiYaKwaya
Samahani kuingilia. Skrini yetu ya LED kanisani, P2.5 (vidoti vimeachana milimita 2.5), maandishi meupe yanaacha mwanga hafifu mstari wa jirani. Ni jambo hilo?

BintiWaRisasi
Ni ndugu yake. Chaji ya mstari uliopita haijaisha, wa pili unawashwa. Kwenye mipangilio ya kadi ya kupokea ongeza muda wa giza kati ya mistari, kidogo kidogo. Mwangaza utapungua, simama pale kivuli kinapoisha.

FundiNyakato
Wakuu nimerudi. Chipu kuu ni namba moja. Kumbukumbu ya zamani ilisomeka, na kweli baiti chache zinatofautiana na mpya. Nimeiandika ya zamani kwenye bodi mpya, kisha nikaazima oskiloskopu. Mwanzo OE ilikuwa inafunga chini ya maikrosekunde 1 kabla ya TP, sasa ni kama 2.5. Kivuli kimeisha kabisa, kijivu kiko sawa kushoto na kulia. Kupepesa kulibaki kidogo, nikarudia VCOM nikitazama katikati ya kioo, kumetulia.

Kesho asubuhi nampelekea mama TV yake. Zile baiti nimezihifadhi, mwenye kioo cha namba hii anitafute inbox.