Nimetaka kumpokea mama mzigo kwenye daladala akaniita mwizi. Ningemjibu nini?

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Wengine mtaliona jambo dogo, lakini leo siku ya tatu halijanitoka moyoni.

Mimi kijana wa miaka 26, fundi cherehani Kariakoo. Kila asubuhi napanda daladala Gongo la Mboto. Jumatatu nikabahatika kupata siti. Pale Banana akapanda mama mmoja wa makamo, gari limeshajaa, akasimama ubavuni kwangu. Mkono mmoja kashika bomba la juu, mwingine kikapu cha ukindu kilichofunikwa kitenge. Vishikio vimemkaza vidole mpaka vimeacha alama, na kila dereva akikanyaga breki kikapu kinamgonga goti. Nikanyoosha mkono nikamwambia, "Mama, lete nikupokee."

Akakivuta kwa nguvu. "Niachie! Nimekuomba? Ndivyo mlivyo, mnajifanya wema kumbe mikono inatafuta!"

Gari zima likageuka. Kaka wa siti ya mbele yangu akaitoa simu yake mfukoni akaishika mkononi. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko hata maneno ya yule mama.

Sikujibu kitu. Nilitazama dirishani mpaka Tazara, masikio yanawaka moto. Nyumbani tumelelewa kwamba ukikaa na mtu mzima kasimama, kama humpishi siti basi angalau mpokee mzigo. Ningejibu nini bila kukosa adabu? Na tutakutana tena, maana namwona mara kwa mara akipandia kituo kile kile.

Mama Mapacha:
Pole sana mwanangu. Mimi nimewahi kuwa huyo mama. Siku hiyo nilibeba hela ya matibabu ya mama yangu, nimeifunga kwenye kipande cha khanga chini ya mboga. Mtu angegusa hata kile kitambaa cha juu ningepiga kelele. Huenda keshaibiwa, na mkono wako ukamkumbusha mkono mwingine. Simtetei, kukuita mwizi kakosea.

Mzee wa Temeke:
Kijana, tenda wema nenda zako.

Mleta uzi:
Mzee wangu shikamoo. Nakubali, ila siku ile sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wanaoniona mwizi.

Konda Mstaafu:
Nimefanya ukonda miaka tisa, nikuulize jambo moja: mkono ulitangulia au neno lilitangulia?

Nauliza kwa sababu ugomvi wa mizigo niliokuwa nikiamua mara nyingi ulianzia hapo. Abiria aliyesimama amebanwa, hawezi kugeuka, mali yake yote iko kwenye kile kikapu. Ukimuuliza "Mama, nikushikie?" huku mikono yako iko mapajani, anakutazama usoni anaamua mwenyewe. Akikubali, mwache akuwekee yeye, na usikisogeze chini ya siti, kikae pale anapokiona. Mkono ukitangulia, wengine huanza kuvuta kabla hata hawajasikia umesema nini.

Kuhusu jibu: "Samahani mama, nilitaka kukupunguzia mzigo tu." Basi. Sauti ya kawaida, ila isikike. Ukifoka, watu watasema alikuwa sahihi.

Binti wa Tandika:
Mimi nakataa hiyo samahani. Akisema "sitaki, asante" yameisha, hakuna anayelazimika kupokelewa mzigo. Lakini neno mwizi katika jiji hili si la kutupia mtu hovyo. Watu wamepigwa na kuchomwa moto kwa neno hilo moja kabla hata hawajaulizwa chochote. Ningemwambia, kwa heshima zote: "Mama, umenikosea. Mimi si mwizi." Kumheshimu mtu mzima si kumeza tuhuma.

Konda Mstaafu:
Hapo binti umesema kweli. Nimeshaona gari likisimamishwa kwa neno hilo. Kijana, ongeza na hilo: useme wewe si mwizi.

Mama Mapacha:
Na kwa nini hukumpisha siti kabisa, baba?

Mleta uzi:
Mama, nilikesha nashona sare za shule, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Na ndugu konda, nimekaa nikakumbuka vizuri: mkono ulitangulia.

Mleta uzi (Alhamisi usiku):
Wakuu, narudi na mrejesho. Leo amepanda tena. Nimeinuka nikamwambia, "Mama shikamoo, karibu ukae." Akasita, akaitika marahaba, akakaa. Kikapu amekipakata, kitenge kakishika kwa mikono miwili njia nzima. Tulipopita Tazara nikamwambia, "Mama, Jumatatu nilitaka kukupokea mzigo tu. Mimi fundi cherehani, si mwizi." Akanitazama kwa muda, akasema, "Haya baba, nimesikia."

Radhi hajaniomba. Ila yule kaka wa simu naye alikuwemo, amesimama nyuma yangu, na amesikia yote.